Nyumba Yetu: Morris Minor ya Marehemu



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeletewa swali na dada yetu mmoja aliyeolewa Nairobi, akaaye katika mitaa ya Eastlands. Mumewe ameona Morris Minor ya mwaka 1954 iliyoegeshwa miaka mingi katika ua wa nyumba moja ya Kaloleni. Mwenyewe amekwisha fariki, na kijana wake mkubwa yu tayari kuiuza. Bwana ataka kuinunua kwa akiba ya nyumba, kisha aing'oe injini yake ndogo na kutia iliyo kubwa. Dada auliza: je, huu si ubadhirifu? Na mke ana kauli gani katika mambo ya magari, ambayo watu husema ni ya wanaume?

Kauli anayo, kwa kuwa akiba ni ya nyumba, na watakaopanda ni yeye na wanawe. Ama ubadhirifu, haumo katika ukongwe wa gari. Umo katika kutanguliza kisichofaa kutangulia. Injini ni jambo la nne. Yako matatu yaliyo mbele yake: haki, bodi na breki.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Morris Minor ni kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na lilianza kuuzwa mwaka 1948. Ndilo gari la kwanza la Kiingereza kupita idadi ya milioni moja. Lile la mwaka 1954 lina injini ya cc 803 yenye nguvu za farasi 30 tu. Toyota Vitz ndogo kabisa ya leo huishinda zaidi ya maradufu. Siku hizi ni nadra kuliona Nairobi, kwani mengi yalikwisha kuwa vyuma chakavu, na kanuni za Kenya huzuia kwa jumla magari ya mitumba yaliyopita miaka minane yasiingizwe nchini. Uadimu huo huleta pupa, na mwenye pupa hasomi karatasi.

Hapo ndipo penye jambo la kwanza. Gari lililoachwa na marehemu ni mirathi, mfano wa nyumba na shamba. Kijana mkubwa ni mrithi mmoja miongoni mwa warithi. Kushika ufunguo hakumfanyi kuwa mwenye mali. Tuseme gari limeuzwa shilingi 320,000, na deni, gharama za maziko na wasia vimekwisha tekelezwa. Marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, wala hana mrithi mwingine. Mjane ana thumni, yaani 40,000. Zinazobaki 280,000 hugawanywa mafungu saba: kila binti 40,000, na kila mwana wa kiume 80,000. Basi kijana anayezitia mfukoni zote 320,000 amekula 240,000 za mamake, nduguye na dada zake. Na mnunuzi anayejua hayo akanyamaza amemsaidia kula.

Mara nyingi wanaodhulumika hapa ni wanawake. Mjane huambiwa, "Hilo bovu tu limetuzibia ua, mama, acha liondoke." Mabinti walioolewa mbali husikia habari baada ya fedha kwisha. Kwa hiyo bwana asimalize bei mlangoni na kijana. Aende na mkewe, waingie ndani, wamsalimu mjane, wamuulize yeye mwenyewe kama ameridhia kuuza na kwa bei gani. Mke ndiye awezaye kukaa na mjane faraghani na kulisikia lile ambalo hatalisema mbele ya wanaume.

Sheria nayo yaenda njia hiyo hiyo. Katiba ya Kenya, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Anayeweza kutia sahihi ya kuuza ni yule aliyethibitishwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Pasipo hati hiyo, kuhamisha umiliki huko NTSA kutakwama, na mnunuzi atakuwa amelipia kitu ambacho kwa karatasi bado ni cha marehemu. Vilevile namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zile za kitabu cha usajili kabla ya shilingi moja kutoka.

Jambo la pili ni bodi. Morris Minor halina fremu ya chuma iliyotengwa kando kama lori; bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo kutu katika gari hili ni maradhi ya mifupa. Zulia lifunuliwe, gari liinuliwe, fundi achunguze boriti inayopita chini ya sakafu kutoka upande hadi upande, vizingiti vya milango, na mahali springi za nyuma zilipofungwa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ni shahidi mzuri: ikipita juu ya chuma hunata, na ikipita juu ya pati iliyopakwa rangi huteleza. Mafundi wa kuchomelea hodari wapo Kariobangi Light Industries, lakini bei yao iulizwe kabla ya kununua, maana kazi ya bodi huweza kupita bei ya gari.

Jambo la tatu ni breki na miguu ya mbele. Breki zote nne za gari hili ni za dramu ndogo. Pampu yake kuu imefichwa chini ya sakafu upande wa dereva, na ikivuja huenda isionekane mpaka siku ambayo mguu utazama mpaka chini. Gurudumu la mbele nalo hushikwa kwa kiungo chenye uzi kama wa parafujo, ambacho hutaka grisi kila baada ya kilomita kama 1,600. Kikisahauliwa uzi huliwa, kiungo huchomoka, na gurudumu hulala chini gari likiwa mwendoni. Gari lililokaa uani miaka mingi lichukuliwe kuwa halina breki wala mpira ulio salama, hata kama matairi yang'aa. Mabomba, mipira ya breki na matairi vibadilishwe, na mikanda ya usalama ifungwe, kwani halikutoka nayo kiwandani. Watoto wasipande kabla ya hayo.

Ndipo tufike kwenye injini. Kuongeza nguvu si kosa. Injini ya cc 803 ni ya ukoo uitwao A-Series, na ndugu zake za cc 948 na cc 1,098 zilitiwa katika Morris Minor za baadaye, zikiwa na nguvu za farasi 37 na 48. Ukoo huo uliendelea kutumika katika gari la Mini hadi mwaka 2000, na kwa hiyo spea zake bado huagizwa kutoka Uingereza. Bwana akitaka nguvu, na achukue ndani ya ukoo huo, wala asikate bodi ili kulazimisha injini ya Toyota. Breki kubwa za ile ya cc 1,098 zitangulie au zifuatane na injini. Mwendo usizidi uwezo wa kusimama. Fundi aangalie pia vikalio vya valvu, kwa kuwa injini hizi ziliundwa kwa petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu ifikapo mwanzo wa mwaka 2006. Injini ikibadilishwa, NTSA na kampuni ya bima ziarifiwe. Ile ya asili isiuzwe kwa kilo. Ihifadhiwe, kwani gari la kale hupungua thamani likipotezewa viungo vyake.

Hivyo, dada yetu, usimkatalie mumeo moja kwa moja, wala usinyamaze. Kaeni pamoja mwandike hesabu mbili: bei ya warithi, na bei ya fundi ya bodi na breki. Kodi ya nyumba, karo na akiba ya maradhi viwekwe kando kwanza. Kinachobaki kikitosha hesabu zote mbili, na mjane na wanawe wakaridhia kwa hati, nunueni kwa heri. Kisipotosha, gari na libaki uani kwa wenyewe. Injini ya cc 1,098 yaweza kungoja mwaka mwingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, awahifadhi mayatima na wajane wetu, na awalinde wasafiri wetu barabarani. Amin.