Mzuka wa Chloe na Haki ya Wafu

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Katika jumba la Myrtles, mjini St. Francisville, jimbo la Louisiana nchini Marekani, njia hiyo imerefuka ajabu. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1796 katika shamba la watumwa, na kwa miaka mingi wageni wamelipa kiingilio ili wasimuliwe habari za mizuka yake. Mashuhuri zaidi ni Chloe, mjakazi anayedaiwa kukatwa sikio na bwana wake, akamlisha mkewe na watoto keki ya sumu, kisha akanyongwa. Picha ya mwaka 1992, yenye kivuli kinachofanana na mtu, hutolewa kama ushahidi.

Hata hivyo, watafiti waliopekua kumbukumbu za familia hiyo hawakumpata mtumwa wa jina hilo. Mwanahistoria Tiya Miles alilichambua suala hili katika kitabu chake cha mwaka 2015.

Hapo ndipo penye dhuluma. Watumwa halisi walilima na kupika pale, lakini mgeni huondoka akimkumbuka Chloe pekee. Isitoshe, katika ngano hii mjakazi ndiye muuaji, naye bwana ndiye wa kuhurumiwa! Je, utumwa wenyewe hautishi vya kutosha?

Hivyo basi, waongozaji wa ziara hizo hawana budi kuwasimulia wageni maisha ya watumwa walioishi kweli. Marehemu hahitaji mzuka ili akumbukwe, anahitaji ukweli.