Eti kiini cha seli si cha mtoto wa Kibera? Acheni hizo!

Haya wasomaji, leo siandiki kuhusu programu. Juzi nimelisikia tena lile neno linaloniudhi: eti vijana wa Kibera na Kawangware wafundishwe kunawa mikono na kuchapa barua kwenye kompyuta, basi. Habari za protini kuingia ndani ya kiini cha seli ni za juu mno kwao. Za juu kwa nani?

Mtoto wa Kawangware akiwa mjini hapandi matatu yoyote tu. Anatafuta 46. Wa Kibera anatafuta 8. Sasa geuza kidogo: abiria ndiye aliyeandikwa namba kifuani, na makanga ndiye anayeisoma. Hiyo ndiyo seli! Protini hutengenezwa nje ya kiini, na zile zenye kazi ndani hubeba namba mwilini mwao. Mwaka 1984 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba protini moja ya virusi vya SV40 huingia kwa kipande cha asidi amino 7 tu: PKKKRKV. Badilisha K moja muhimu, protini inabaki nje. Kipachike kipande hicho kwenye protini ya nje, nayo inaingia! Makanga anaitwa importini. Huipitisha protini kwenye tundu la ukuta wa kiini, na ndani molekuli iitwayo Ran huishusha.

Sisi waandika programu tungeifuta anwani mzigo ukishafika. Seli haifuti. Inapogawanyika, ukuta wa kiini huvunjika na protini humwagika nje. Zitarudije bila namba?

Bado ni ya juu mno? Basi sikiliza. Ganda la Virusi Vya UKIMWI nalo hupenya kwenye matundu hayo hayo. Dawa ya lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka, hulishika ganda hilo na, pamoja na mengine, kulizuia lisiingie. Katika majaribio ya Uganda na Afrika Kusini yaliyotangazwa mwaka 2024, kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Kijana wa Kibera akiambiwa achomwe sindano hiyo, ana haki ya kujua inafunga mlango gani. Mnaosema asifundishwe mnataka nini? Achomwe tu, anyamaze?

Nimesema. Anayebisha aje na hoja.