Kuweka Programu: Tatizo si Mashine, ni Mazoea

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Tarakilishi nyingi kuukuu hazitimizi masharti ya Windows 11. Shule zilizo na mashine hizo zaweza kununua nyingine, kuendelea kuzitumia bila kinga, au kugeukia mfumo huria kama vile Ubuntu.

Aghalabu walimu huniuliza: je, katika Ubuntu programu huwekwaje? Swali hili ndilo kiini cha mambo. Wengi wetu tumezoea programu iletwayo kwa flashi na fulani aliyeipata kwa fulani, ufunguo wake ukiwa wa wizi na virusi vikiwa vimejificha ndani.

Ubuntu hufuata njia nyingine. Programu zake huhifadhiwa katika ghala mtandaoni. Orodha ya ghala hilo hutiwa sahihi ya kidijitali, nayo tarakilishi huihakiki kabla ya kuweka chochote. Nilipohitaji Praat, programu ya kuchanganua sauti za lugha iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, niliandika amri moja tu: sudo apt install praat. Niliombwa neno la siri, kisha programu ikaja pamoja na visaidizi vyake vyote. Sikulipa hata senti, wala sikumwibia mtu.

Sisemi kwamba njia hii haina miiba. Ghala hilo huhitaji intaneti, na baadhi ya programu zilizoundiwa Windows hazifanyi kazi humo. Isitoshe, ingawa jina Ubuntu ni la Kibantu, ndugu wa neno letu utu, tarakilishi inapokataa amri hutukemea kwa Kiingereza. Lakini hapa leseni huria hutupa fursa: yeyote aweza kutafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo yatungoja sisi wanaisimu wa Kenya.

Mwalimu ahimizaye uadilifu huku akiweka programu ya wizi mbele ya darasa hufunza masomo mawili, na la pili ndilo litakalokumbukwa. Wahenga walikwisha kunena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.