Mashini inawaka, mchezo haufunguki



Juma hili tunaacha kidogo habari za mbegu na chanjo, tunaongea juu ya kompyuta za michezo. Sababu ni kwamba ombi hili limeanza kufika mbele ya masanduku yetu ya akiba. Mama anaomba mkopo ili kijana wake anunue kompyuta, aiweke katika chumba cha kando ya barabara, na wenzake walipe kucheza mpira wa kwenye kioo. Mwingine haombi mkopo: anauza magunia ya mchele ili mtoto aliyefaulu apate zawadi aliyoahidiwa.

Mashini inafika kutoka Kindu au Bukavu, imefungwa juu ya pikipiki. Inawashwa, inawaka. Inaandika barua, inaonyesha filamu, inapiga muziki. Lakini ule mchezo wenyewe, ambao ndio sababu ya kununua, unakataa. Kioo kinakuwa cheusi, au yanatokea maandishi ya kusema kadi haifai, au wachezaji wanatembea kama watu wanaovuka matope. Hapo nyumba inagawanyika. Mama anafikiri mtoto ameiharibu. Mtoto anafikiri mama amechagua ya bei ndogo. Muuzaji anasema, "Si niliwauzia ikiwaka?" Mara nyingi hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kuna swali moja tu ambalo halikuulizwa kabla ya kulipa: kadi yake ya grafiki ni ipi?

Kadi ya grafiki ni sehemu ya kompyuta inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Kuchora ukurasa wa barua ni kazi nyepesi. Kuchora uwanja wenye wachezaji 22, vivuli vyao na watazamaji, mara 30 au 60 katika kila sekunde, ni kazi nzito. Ni kama kinu cha kukoboa mchele. Ukikifungia injini ndogo, kinazunguka kikiwa kitupu, lakini ukimimina mpunga kinasimama. Hakuna kilichovunjika, nguvu ndiyo haitoshi.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kama okazioni zilikuwa za ofisi. Hazina kadi ya peke yake: uwezo wa kuchora umejengwa ndani ya prosesa, na mara nyingi unaitwa Intel HD Graphics. Muuzaji atawatajia "Core i5, RAM 8, diski 500". Yote ni kweli, lakini kadi hakuitaja.

Tulinganishe michezo miwili ambayo vijana wanaijua. GTA San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005, inataka kadi yenye kumbukumbu ya megabaiti 64 tu. EA Sports FC 25, mpira wa mwaka 2024, inataka kwa uchache kadi ya GTX 1050 Ti au ya nguvu kama hiyo, yenye gigabaiti 4, yaani mara 64 ya ile ya kwanza. Inataka pia nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski, na DirectX 12, ambayo ni lugha ya mchezo kuongea na kadi. Mashini ile ile inaweza kufungua wa kwanza vizuri na kuukataa wa pili kabisa.

Tena kuna jambo ambalo hata mafundi wengine halijawafikia. Kwa prosesa za Intel za kizazi cha nne, ambazo bado zinauzwa sana, kampuni yenyewe iliondoa DirectX 12 katika piloti zake mpya kwa sababu ya usalama. Piloti ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Kwa hiyo mashini inaweza kuwa imetengenezwa vizuri, haina virusi, haikuangushwa, na bado ikakosa lugha ambayo mchezo unaidai.

Hata kadi zilizokuwa na nguvu zinaachwa nyuma. GTX 1060 ilitoka mwaka 2016 na ilipendwa duniani kote. Lakini mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle wa Desemba 2024, na Doom: The Dark Ages wa Mei 2025, inadai kadi yenye vifaa maalumu vya kuchora miali ya mwanga, na GTX 1060 haina vifaa hivyo. Microsoft nayo ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ya zamani haifi siku hiyo. Inaendelea na kazi zake za zamani, ila michezo mipya inazidi kuipita.

Basi vijana watasema: "Mama, tuongeze tu kadi nyingine ndani." Inawezekana, lakini si katika kila mashini. Kompyuta ya mkononi, kwa kawaida, kadi yake haibadilishwi. Ile ndogo ya ofisi, iliyo nyembamba, haina nafasi ya kadi ndefu, na kisanduku chake cha umeme kimepimwa kwa kazi za ofisi. Tundu la kadi linatoa wati 75 tu. GTX 1050 Ti ya kawaida inaridhika na hizo, lakini kadi kubwa kama RTX 4090 inakula wati 450. Kwetu, ambako wengi wanategemea paneli za jua na batri, hesabu hiyo si ndogo. Chumba cha michezo kinachomaliza batri saa moja usiku hakitalipa mkopo.

Wako pia wadanganyifu. Kadi ya zamani inapakwa jina jipya ndani ya programu yake, ili kompyuta iitambue kama kadi bora. Jina unalolisoma ni zuri, lakini ukifungua mchezo inaanguka. Ndiyo maana kusoma jina peke yake hakutoshi.

Tufanye nini? Kwanza, mwanzo uwe mchezo, si mashini. Mtoto aandike kwenye karatasi jina la mchezo na mwaka wake, na kadi unayoidai. Kila mchezo unatangaza kipimo cha chini na kipimo kinachofaa. Tafuteni kile kinachofaa, maana cha chini ni cha kufungua tu.

Pili, mbele ya muuzaji, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni dxdiag, kisha Enter. Katika ukurasa wa Affichage, au Display kama mashini ni ya Kiingereza, mtaona jina la kadi na kumbukumbu yake. Linganisheni na karatasi.

Tatu, mchezo wenyewe uchezwe pale pale kwa nusu saa, hata kama ni wa kutoka kwenye flashi ya jirani. Kadi mbovu au ya bandia mara nyingi inaonekana ikishapata moto. Kama mashini iko Bukavu, atumwe ndugu aifanyie jaribio hilo kabla feza haijatoka.

Nne, jina la kadi liandikwe kwenye risiti, pamoja na siku ambazo muuzaji anakubali kuirudisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa barabara zetu za Kasongo na Kabambare, kurudisha mashini ni gharama ya safari nyingine.

Kwa vikundi vya akiba, tunapendekeza sheria moja: mkopo wa kompyuta ya michezo usitoke mpaka wanakamati wawili wameona mchezo ukichezwa kwenye mashini hiyo hiyo. Tusiwakatalie vijana kwa kusema michezo ni upuuzi. Chumba chenye mashini mbili zinazofaa michezo ya miaka iliyopita kinaweza kulisha mtu. Lakini feza ya sanduku ni ya mama auzaye mawese na mama alimaye mpunga. Deni halitasamehewa kwa sababu kadi ilikataa.

Tukumbuke pia kwamba vyombo hivi si vigeni kwetu kabisa. Bati inaunganisha vipande vya kadi, na ndani ya vifaa vingi vya umeme mna tantali inayotoka kwenye koltani. Maniema yetu inachimba bati tangu wakati wa Wabelgiji. Jiwe linatoka kwetu likiwa limepimwa kwenye mizani, gramu kwa gramu. Mashini inaporudi, nasi tuipime kabla ya kulipa.

Kikundi chenye swali kilete kwa kamati siku ya mkutano, tutalijibu hapa.