Nyota na Mipaka Yao

Novemba moja, nyumbani Sultan Hamud, stima ilipotea. Kifungua mimba wangu akauliza: "Baba, nyota za kundi moja ni ndugu?" Nikakwama. Nyanya yake alijua Kilimia tu, nyota za kulima.

Msomaji, kundinyota ni kama shamba lililopimwa. Mwaka 1922 wanaastronomia wa dunia waliafikiana makundi 88. Mwaka 1930 mipaka ikachapishwa. Nyota iliyo ndani ya mpaka ni ya kundi hilo, iwe karibu au mbali.

Kilimia na Aldebaran, ile nyekundu, zimo kundi la Ng'ombe. Nuru ya Aldebaran hutufikia baada ya miaka 65. Ya Kilimia, zaidi ya 400. Kilimia zilizaliwa pamoja. Aldebaran ni jirani wa ramani tu.

Mzazi, stima ikipotea, watoe watoto nje.