MAARIFA YA MOTOKAA: Injini Inapokohoa

Usiku mmoja wa masika, jirani yangu hapa Bongwe aliombwa kumpeleka mama mja mzito hospitali ya Msambweni. Gari lake ni Peugeot 504 ya zamani, lenye kabureta na distributa. Walipofika njia kuu ya Ukunda gari likaanza kukohoa na kutetemeka, nguvu zikapungua, hata ikabidi mgonjwa ahamishiwe gari la mtu mwingine. Alhamdulillahi, alifika salama.

Lililosikitisha ni hili: dalili hizo alizisikia tangu majuma matatu, na fedha alikuwa amekwisha kutumia. Alinunua plagi nne, kisha koili, kisha akasafishiwa kabureta. Kumbe ila ilikuwa katika kifuniko cha distributa, chenye ufa mwembamba kama unywele. Siku za jua ufa ulikuwa mkavu, gari likaenda vyema. Mvua iliponyesha unyevu ukaingia, na umeme ukapata njia ya mkato. Kosa lake halikuwa uvivu, bali kununua kabla ya kuchunguza.

Wasomaji wenye magari ya namna hii yafaa wakumbuke ya kwamba injini ya silinda nne huwaka mara nne katika kila mizunguko miwili. Kila silinda yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha. Likikosekana moja, injini humisi, kama wasemavyo mafundi.

Kwanza, tafuta silinda iliyolala. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, ufunge ncha yake igusane na chuma cha injini, mbali na petroli, kisha washa. Usiushike kwa mkono injini inapokwenda, maana umeme wake ni maelfu ya volti. Mlio ukiharibika zaidi, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, umeipata mbovu. Zima, rudisha waya, ujaribu nyingine.

Pili, fungua plagi ya silinda hiyo uitazame. Ikiwa na masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa imelowa petroli, huenda cheche haipo. Ikiwa na oili, yamkini ringi zimechakaa.

Tatu, badilishana plagi hiyo na ya silinda iliyo nzima. Ila ikihama pamoja nayo, nunua plagi, wala usinunue kitu kingine. Ikibaki pale pale, chunguza waya na kifuniko. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, basi vitu hivi huharibika upesi. Usiku fungua boneti gizani injini ikienda: ukiona cheche zarukaruka juu ya nyaya, umeme unavuja. Ndani ya kifuniko tafuta ufa, au mstari mweusi wa masizi.

Ikiwa cheche ni njema na silinda moja bado hailii, mwombe fundi apime mgandamizo. Pengine vali imeungua. Lakini silinda zote zikikosa ovyo ovyo, usishughulike na plagi moja. Tazama vitu vinavyotumiwa na zote: pointi, kondensa, koili, au petroli iliyoingia maji.

Magari ya siku hizi yenye kompyuta hayataki kuchomolewa nyaya hivi. Hayo hupimwa kwa chombo chake, na taa ya injini ikimwemeta hapana budi kupunguza mwendo na kusimama mapema, maana petroli isiyoungua huharibu kisafishaji cha moshi.

Jirani yangu alinunua kifuniko kipya, na gari lake lalia vizuri hata mvuani. Dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo hutoa habari kabla halijakwama. Anayelisikiliza mapema huokoa fedha zake, na pengine roho ya mtu.