Mwenye Bastola Njiani

Vijana wetu mlioko Marekani, tunapenda mlijue jambo hili. Mwenye idhini ya kuchukua bastola, askari wakimsimamisha kwa kukimbiza gari, sharti lake si moja kila jimbo. Michigan sheria yamlazimisha kuitaja silaha papo hapo. Minnesota, aulizwapo tu.

Lakini sheria mbali, na khofu ya askari mbali. Philando Castile alikuwa na idhini. Tarehe 6 Julai 2016, huko Minnesota, alisimamishwa, akaambiwa ni kwa ajili ya taa ya nyuma. Akasema mwenyewe, kwa adabu, kwamba anayo silaha. Akapigwa risasi akafa, na mtoto wa miaka 4 yumo garini! Mwaka 2017 mahakama ilimwachilia askari yule.

Basi taja silaha mikono ikiwa juu ya usukani, wala usiiguse leseni mpaka askari akuambie namna ya kuitoa.